Dawa ya Zamani kwa Mgonjwa wa Figo: Mbona Ijaribiwe Upya?

Swali: Mama yangu husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki hapa Mombasa. Nimesoma kwamba watafiti wa ng'ambo wamewajaribia wagonjwa kama yeye anakinra, dawa ya baridi yabisi. Ikiwa imetumika miaka mingi, wanapima nini tena?
Msomaji, Kisauni

Jibu: Umeuliza jambo la maana, ndugu yetu. Anakinra iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na kazi yake ni kuizuia intalukini-1, kijumbe cha kinga kinachouwasha mchochota mwilini, yaani ule uvimbe na joto la mwili unapojikinga. Wanaosafishwa damu huishi na mchochota usiokwisha, unaohusishwa na maradhi ya moyo, ambayo ndiyo huwaua wengi wao. Hadi hapo dawa yaonekana kuwafaa. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hutolewa mwilini hasa na figo, na mashine huondoa sehemu ndogo mno, isiyofika asilimia 2.5, hivyo kipimo kisichomdhuru mwenye figo nzima kinaweza kulimbikana kwa mama yako. Ndiyo sababu wenye figo dhaifu mno hushauriwa kudungwa siku moja na kuruka ya pili.

Kwa hiyo kwanza huangaliwa kama dawa inavumilika, kabla ya kuuliza kama inaponya: je, chembe nyeupe za damu zinashuka, na maambukizi yanazidi? Kwa mtu mwenye mpira wa kusafishia damu shingoni, ambapo vijidudu hupata njia hadi kwenye damu yenyewe, hilo si dogo hata kidogo.