Tosha ya mtu wa chama kingine ina uzito gani?

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: mtu anayeheshimika na taifa akivuka mpaka wa chama chake na kumuunga mkono mgombea urais wa upande wa pili, yaani akampa "tosha", kura humfuata?

Humfuata mara mojamoja, na dalili huonekana mapema. Kila mgombea ana doa ambalo wapiga kura wanaosita hawalitaji mikutanoni ila wanalijadili nyumbani. Akitokea mtu wa upande wa pili akalifuta doa hilohilo, naye awe ndiye mwenye sifa ya kulifuta, kura husogea. Akija na maneno ya jumla, kwamba mgombea ni mzalendo na mchapakazi, hata awe mheshimiwa wa namna gani ataandikwa magazetini siku mbili na basi.

Tuanze na Marekani, Jumapili ya 19 Oktoba 2008. Colin Powell alikuwa Republican, jenerali mstaafu, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi kuanzia 1989 hadi 1993, kisha waziri wa mambo ya nje wa George W. Bush kuanzia 2001 hadi 2005. Siku hiyo alikaa kwenye kipindi cha Meet the Press cha televisheni ya NBC akasema kura yake anampa Barack Obama wa Democratic. Doa la Obama lilijulikana: seneta wa muhula wa kwanza, umri miaka 47, hajawahi kuvaa gwanda, na nchi imo katika vita viwili. Mpinzani wake, John McCain, alikuwa rubani wa jeshi la majini aliyekaa mateka Vietnam zaidi ya miaka mitano. Anayeweza kusema "huyu kijana ataweza kuwa amiri jeshi" na akasikilizwa ni mtu aliyeamuru majeshi. Powell alisema hivyo, akaeleza na sababu: namna Obama alivyokabili msukosuko wa fedha wa mwezi uliotangulia, na uamuzi wa McCain kumchukua Sarah Palin kuwa mgombea mwenza, ambaye kwa maoni ya Powell hakuwa tayari kushika urais ikibidi.

Halafu akagusa doa la pili, ambalo wanasiasa wengi walilikwepa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Obama ni Mwislamu. Jibu la kawaida la kampeni lilikuwa kukanusha tu: ni Mkristo. Powell alisema ndiyo, ni Mkristo, lakini hata angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Akaeleza picha ya mama aliyeegemea kaburi la mwanawe kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington, askari wa miaka 20 aliyefia Iraq, na juu ya jiwe la kaburi kuna mwezi na nyota. Kwa macho yangu dakika hiyo ilikuwa na uzito kuliko sifa zote za Obama alizotaja, kwa sababu iliwapa watu wa chama chake mwenyewe ruhusa ya kuona aibu.

Angalieni na gharama. Powell na McCain walikuwa marafiki wa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2007 Powell alikuwa amemchangia dola 2,300, ambazo ndizo zilizokuwa ukomo wa kisheria kwa mchangiaji mmoja katika hatua moja ya uchaguzi. Mtu aliyetoa pesa upande mmoja kisha akapiga kura upande wa pili haonekani kama anayetafuta cheo. Jina lake lenyewe lilikuwa na ufa: hotuba ya 5 Februari 2003 kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za Iraq ambazo hazikupatikana. Lakini ufa huo haukuwa mahali pale alipokuwa anamtetea Obama, kwa hiyo haukumdhuru siku ile.

Je, Powell ndiye aliyempa Obama urais? Hapana, na anayesema hivyo anatia chumvi. Benki ya Lehman Brothers ilianguka 15 Septemba, uchumi ukayumba, na Obama alikuwa tayari mbele kwenye kura za maoni. Mdahalo wa mwisho ulikuwa umekwisha 15 Oktoba, na zilibaki siku 16 tu kabla ya 4 Novemba. Obama alipata kura 365 za wajumbe dhidi ya 173, na takriban asilimia 53 ya kura za wananchi. Alichofanya Powell ni kuziba tundu: hoja ya "hana uzoefu" haikuwa tena na makali katika wiki mbili za mwisho, wakati ambao McCain aliihitaji kuliko wakati wowote.

Sasa geuzeni upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mwaka 2024 Liz Cheney, aliyekuwa mbunge wa Republican wa Wyoming, alimuunga mkono Kamala Harris, hata akapanda naye jukwaani huko Ripon, Wisconsin, mji unaojitambulisha kuwa chimbuko la chama cha Republican. Mahali palichaguliwa kwa akili. Kasoro ni kwamba Cheney alikuwa ameshashindwa vibaya kwenye mchujo wa chama chake mwezi Agosti 2022, na Republican wengi walikwisha kumhesabu kuwa wa upande ule. Mtu asiye na watu wa kuja nao anakuja na koti lake tu. Tena hoja yake, kwamba Trump ni hatari kwa demokrasia, haikugusa doa la Harris mwenyewe kwa wapiga kura waliokuwa wakilia na bei za vyakula na nyumba. Harris alipoteza Wisconsin na uchaguzi wote.

Kwetu Afrika Mashariki neno lenyewe, tosha, tunalo, na lina tarehe yake ya kuzaliwa: Jumatatu ya 14 Oktoba 2002, Uhuru Park, Nairobi. Siku hiyohiyo, kule Kasarani, wajumbe wa KANU, chama tawala, walikuwa wakimpitisha Uhuru Kenyatta, chaguo la Rais Moi. Raila Odinga, ambaye Machi mwaka huo alikuwa amekivunja chama chake cha NDP na kukiunganisha na KANU hadi kuwa katibu mkuu wake, alisimama Uhuru Park na kutamka "Kibaki tosha". Mwai Kibaki alikuwa wa Democratic Party, mpinzani wa Raila katika uchaguzi wa 1997. Maneno mawili, na hapakuwa na kura ya wajumbe kwanza, jambo ambalo wenzake wa Rainbow, kundi la waasi wa KANU, hawakulifurahia wote.

Kwa nini ilifanya kazi? Pigeni hesabu. Mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Kenneth Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 60. Mwaka 1997 Moi alipata kama 40, Kibaki 31, Raila karibu 11, na Wamalwa na Ngilu karibu 8 kila mmoja. Sheria ya wakati huo haikudai nusu ya kura. Ilitosha kuongoza na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, na kwa kanuni hiyo upinzani uliogawanyika ulikuwa mtaji wa Moi. Shaka ya mpiga kura wa 2002 basi haikuwa juu ya tabia ya Kibaki. Ilikuwa: "Hawa watagawanyika tena?" Mtu pekee ambaye angeweza kuijibu ni yule ambaye kujitoa kwake kungeondoa mgawanyiko, naye ni Raila. Aliyejibu alikuwa ameacha nia yake mwenyewe ya urais, na watu waliiona gharama hiyo waziwazi.

Desemba 27 Kibaki alipata asilimia 62 na Uhuru 31. Ukitazama ile jumla ya 1992 utagundua kwamba kura zenyewe zilikuwepo miaka kumi nzima. Tosha ilizizuia zisimwagike. Simeon Nyachae, aliyekataa kuingia kwenye NARC, muungano wa Kibaki na Raila, aliondoka na karibu asilimia 6, nyingi za Gusii. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: Desemba 3 Kibaki alipata ajali ya gari, akapelekwa London kutibiwa, na kampeni ikaendeshwa na wale waliomuunga mkono. Kama tosha ingekuwa ya midomo tu, NARC ingekufa wiki hiyo. Raila na wenzake walizunguka nchi wakimwombea kura mtu aliye kitandani.

Kilichoharibika kilitokana na karatasi. Mkataba wa maelewano wa 22 Oktoba 2002 ulizungumzia kugawana baraza la mawaziri nusu kwa nusu na cheo cha waziri mkuu. Haukuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Hapakuwa hata na sheria ya vyama vya siasa ya kuulinda, kwani ya kwanza ilipitishwa 2007. Kibaki alipoingia Ikulu mkataba uliwekwa kando. Novemba 2005 kundi la Raila liliongoza upande wa "La" kwenye kura ya maoni ya katiba, likashinda kwa takriban asilimia 58, na Kibaki akalivunja baraza la mawaziri. Kwa hiyo yeyote anayejiandaa kutoa tosha leo, swali la kwanza ni mkataba umewekwa wapi na nani anaweza kuudai mahakamani.

Miaka ishirini baadaye neno lilelile lilishindwa, katika nchi ileile. Mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alimwacha naibu wake William Ruto na kumuunga mkono Raila wa ODM. Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930, tofauti ya 233,211. Katika kaunti zote tano za Kati, yaani Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Nyandarua, Ruto aliongoza, na magavana wote watano wakawa wa UDA, chama cha Ruto. Rais aliye madarakani alishindwa kuwavusha watu wa nyumbani kwake.

Wengine husema watu wa Mlimani, yaani eneo la Mlima Kenya, hawakumtaka Raila, basi. Mimi naona kuna zaidi. Mwaka 2013 na 2017 ni Uhuru huyohuyo aliyepanda jukwaani kumpinga Raila. Salamu za Uhuru na Raila za 9 Machi 2018 mlangoni pa Harambee House hazikufuta miaka hiyo, na hakuna aliyekaa chini kuwaeleza wakulima wa chai na kahawa ni nini hasa kimebadilika. Pili, Uhuru alikuwa anamaliza muhula wake wa mwisho, kwa hiyo hakuna alichokipoteza kwenye karatasi ya kura. Tatu, na hili ndilo zito, shaka ya mpiga kura ilikuwa juu ya bei ya unga na hali ya biashara ndogo chini ya serikali ya Uhuru mwenyewe. Yaani doa lilikuwa la mtoa tosha. Hata kumchagua Martha Karua wa Kirinyaga kuwa mgombea mwenza hakukulifuta, kwa sababu Ruto naye alikuwa amemweka Rigathi Gachagua wa Nyeri, na alikuwa ameshazunguka makanisa na masoko ya eneo hilo kwa miaka.

Upande wa kisheria hutegemea nchi. Marekani askari aliye kazini haruhusiwi kumpigia debe mgombea wa chama. Powell aliweza kwa kuwa alikuwa amestaafu. Kenya, Sheria ya Vyama vya Siasa humhesabu mwanachama anayeeneza sera za chama kingine kuwa amejiuzulu chama chake, na mbunge aliyejiuzulu chama hupoteza kiti. Njia ya kukwepa mtego huo ni muungano uliosajiliwa, ndiyo maana Azimio, muungano wa Raila wa 2022, ilisajiliwa badala ya kuishia kwenye kupeana mikono. Kisha kuna kizingiti cha tangu katiba ya 2010: nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na asilimia 25 katika angalau kaunti 24 kati ya 47. Mwenye tosha anayeleta kura mahali ambapo mgombea ameshavuka asilimia 25 ana thamani ndogo kuliko anayemvusha kaunti mbili ngumu. Wapanga kampeni wanalijua hili. Wananchi huambiwa habari za umati tu.

Tanzania 2015 ilikuwa na shida ya namna nyingine, ya karatasi ya kura. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, haikuwa na hadhi kisheria, kwa hiyo Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, alisimama kwa nembo ya CHADEMA peke yake, na mfuasi wa CUF, NCCR-Mageuzi au NLD alibidi afundishwe kutia alama kwenye chama kisicho chake. Kazi hiyo hufanywa nyumba kwa nyumba na karatasi za mfano. Mkutano wa hadhara hauitoshi. Mkongwe Kingunge Ngombale-Mwiru aliiacha CCM mwezi Oktoba akamuunga mkono Lowassa bila kujiunga na chama chochote, na hiyo ilikuwa tosha safi kabisa ya mtu mwenye heshima. Lakini ilikuja wiki tatu tu kabla ya kura. Tena mlango ulipofunguliwa kuingiza, ulitoa pia: Dkt. Wilbrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, ambaye mwaka 2007 alikuwa amelisoma jina la Lowassa hadharani Mwembeyanga, Dar es Salaam, katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi, aliondoka na kusema kwa nini. Lowassa alipata karibu asilimia 40 dhidi ya 58 za John Magufuli.

Kwa hiyo mkisikia tosha nyingine, msihesabu umati wa siku hiyo. Ulizeni wiki inayofuata kama ofisi za chama cha mtoa tosha wilayani zimepokea mabango ya mgombea mpya, kama mawakala wake wameingizwa kwenye orodha moja, na kama wagombea ubunge wa vyama hivyo viwili bado wanapambana kwenye kiti kimoja. Uchaguzi ujao wa Kenya ni 10 Agosti 2027. Kwa utaratibu uliotumika 2022, mkataba wa chama cha muungano ulipaswa kumfikia Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya kura. Tosha itakayotamkwa Juni bila karatasi iliyowasilishwa mapema Aprili mnajua tayari ina nini ndani yake.