Kinga ya meno iliyolegea: je, niichemshe tena?

SWALI: Daktari, mwanangu yuko kidato cha pili na anacheza raga. Nilimnunulia ile kinga ya meno ya kuchemsha kisha kuuma. Ilipoanza kunuka niliitia maji ya thamosi ili kuua viini. Sasa inamlegea na anasema inamtia kichefuchefu. Niichemshe tena? Na mdogo wake mwenye waya za meno anaweza kuirithi?
Mama Brayo, Nakuru

JIBU: Mama Brayo, thamosi ndiyo iliyoiharibu. Plastiki ile hulainika kwa maji moto. Ndivyo inavyoshika umbo la meno, na ndivyo inavyolipoteza. Dashibodi ya gari juani huifanyia hivyohivyo. Baadhi huruhusu kuchemshwa tena, basi soma karatasi iliyokuja nayo. Lakini itazame kwanza pale magego yanapoiuma. Vijana hawa huitafuna kama muwa, na ikishakonda au kupasuka hapo, haina kazi tena. Nunua nyingine.

Mpya ipimeni kabla ya kuichemsha. Kichefuchefu mara nyingi hutokana na ncha za nyuma kuwa ndefu. Zipunguze kidogo kwa mkasi. Baada ya kuuma, mwambie Brayo aachame bila kuishika. Ikianguka, haijakaa.

Harufu nayo haihitaji maji moto. Aisugue kwa mswaki wake maalumu, maji baridi na sabuni ya maji, aisuuze, aiache ikauke, kisha aiweke kwenye kikasha chenye matundu. Si ndani ya soksi pamoja na njumu! Na ile ndoo ya timu, ambamo wachezaji kumi wanatumbukiza kinga zao wakati wa mapumziko, akae nayo mbali. Nimeiona kwenye viwanja vingi na bado inanishangaza.

Mdogo wake asirithi. Ile ina alama za meno ya kaka yake, na meno yenye waya yako safarini: kinga ya kubana itayazuia yasisogee. Tena akigongwa bila kinga, waya hupasua midomo kwa ndani. Yeye anahitaji ya kutengenezewa kwa daktari, iliyoachiwa nafasi kuzunguka waya. Bei iko juu kuliko ya dukani, sikufichi. Siku ya kwenda kukaza waya, amwambie daktari wake kwamba anacheza raga, maana watoto wengi hawasemi.