Ghala limejaa, mzigo unaisha muda ndani: maswali yenu kuhusu rafu za paleti

Nasambaza maji na soda hapa Mwanza. Ghala limejaa, na fundi ananishauri nifunge rafu ambazo foklifti inaingia mpaka ndani. Nafasi itaongezeka kweli?

Itaongezeka, maana njia nyingi za foklifti zinaondoka na eneo lake linashika mzigo. Ila kabla hujalipa, chukua kalamu. Tuseme kila mlia, yaani njia moja ya rafu ambayo foklifti inaingia, una kina cha paleti 6 (vichanja vya kubebea mzigo) na kimo cha paleti 4: hizo ni paleti 24. Za nyuma huzifikii mpaka utoe za mbele, kwa hiyo mlia mmoja ni bidhaa moja, tena ya tarehe moja. Maji unayopokea paleti 48 kwa mkupuo yatajaza milia miwili, safi kabisa. Soda ya tangawizi unayoletewa paleti 5 itashika mlia mzima, na nafasi 19 ulizozilipia zitalala bure. Kwa hiyo humo weka vile vinavyotoka kwa wingi tu. Vingine viachie rafu za kawaida, ambako kila paleti unaifikia peke yake.

Sakafu nayo ipimwe. Paleti ya katoni 70 za chupa 24 za nusu lita ina kilo 840 za maji matupu. Zikipandana nne ni zaidi ya tani 3, na uzito wote unashukia kwenye vibati vidogo vya chuma vilivyo chini ya nguzo. Zege jembamba halihimili.

Shikamoo. Ni mtunza ghala, Morogoro. Tumekuta paleti 3 za juisi zimeisha muda, zilikuwa nyuma kabisa. Bosi anasema ni uzembe wangu. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Rafu za kuingia kwa mbele, ambazo foklifti inaingia na kutoka upande uleule, ndivyo zilivyo: kilichoingia mwisho kinatoka kwanza. Ukijazia mbele kila gari likifika, mzigo wa nyuma hautoki milele. Mwombe bosi aruhusu sharti moja: mlia hauongezwi mzigo mpya mpaka wa zamani uishe wote. Kisha bandika mdomoni mwa kila mlia tarehe ya paleti iliyo nyuma kabisa, kwa maandishi ambayo dereva atayasoma akiwa amekaa kwenye kiti.

Fedha ikipatikana, kwa juisi na maziwa napendelea rafu za mteremko. Unapakia upande mmoja, paleti inateleza juu ya magurudumu kwenye mwinamo wa kama sentimita 4 kwa kila mita huku breki zikiipunguza mwendo, na upande wa pili inatoka iliyotangulia. Lakini paleti zako ziwe nzima. Ubao wa chini ukining'inia, inakwama katikati, na kuinasua huko ndani ni kazi ya hatari.

Tunagandisha samaki, Mombasa. Kuna rafu ya kufaa chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri?

Angalieni rafu zinazotembea juu ya reli: zinabanana, na mnafungua njia moja tu pale mnapotaka kuingia. Mnafikia kila paleti, na hamlipii umeme wa kupoza njia tupu. Vigari vya betri vinavyobeba paleti ndani ya mlia navyo vinafaa, ila baridi inamaliza chaji upesi, basi muwe na betri za akiba.

Foklifti imegonga nguzo ya rafu, imepinda kidogo. Fundi wetu anaweza kuinyoosha na kuichomelea?

Hapana, nakusihi. Chuma kilichopinda kikinyooshwa hakirudi kwenye nguvu yake, na nguzo moja ikishindwa kubeba inaweza kuvuta safu nzima juu ya watu. Weka rula ya mita 1 iliyonyooka kwenye upande uliobonyea, upime pengo. Viwango vya Ulaya vinavumilia milimita 5 nguzo ikipinda kuelekea urefu wa safu, na milimita 3 ikipinda kuelekea ndani ya rafu. Pengo likizidi mara mbili ya hapo, mzigo unashushwa palepale, kuanzia juu, na hakuna anayepita chini yake. Kisha agiza nguzo mpya ya mtengenezaji yuleyule. Kama bado imebeba mzigo wakati unasoma hapa, anza kushusha sasa.