Jasho la usiku halimaanishi dawa zimegoma
Mdogo wangu, umeuliza kama ARV (dawa za kufubaza VVU) za mama yako wa miaka 49 huko Makambako zimegoma, maana analowa jasho usiku. Si lazima; katika umri huo huenda ni mwili unakaribia kukoma hedhi, ambako nako huleta jasho la usiku. Mimi sina VVU, na Julai iliyopita hapa Njombe, baridi ile ya kung'ata masikio, nilikuwa natupa blanketi saa nane usiku, kanga imelowa hadi unaweza kuikamua. Jirani yangu anayehudhuria CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) alikuwa hivyohivyo, ila yeye kila jasho alidhani ni virusi, akakaa kimya miezi. Kinachosema kama dawa zinafanya kazi ni kipimo cha wingi wa virusi, siyo shuka.

Lakini asipuuze. Jasho la usiku ni dalili ya TB pia, hasa likija na kikohozi, homa au kupungua uzito, kwa hiyo amwambie mhudumu, tena asisubiri tarehe ya kliniki. Dawa asiache. Na vidonge vya kalsiamu asijinunulie kimyakimya: akivimeza pamoja na dolutegravir (mojawapo ya ARV) tumbo likiwa tupu, dawa haiingii mwilini vizuri. Halafu mimba bado inawezekana hadi hedhi ikate miezi 12 mfululizo (hapo wengi hucheka, wakidhani natania).