Je, Nimbadilishie Mwanangu Jina la Uzairi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkazi wa Tanga. Juzi mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, nami nimempa jina la Uzairi. Nililisikia kwa mfanyabiashara mmoja wa Kipakistani nikalipenda. Mama mkwe hataki hata kulisikia. Anasema ni yule ambaye Mayahudi walimwita mwana wa Mungu, na jina litamletea mtoto nuksi. Mjomba wa mke wangu anasema limetokana na sanamu la Uzza. Nimeulizia mtaani, sijapata mtu mwingine mwenye jina hili. Nini maana yake, huyu Uzairi ni nani, ni nabii au si nabii, na je, nilibadilishe kabla ya akika?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hongera kwa mtoto, Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri na ampe mama yake afya.

Tuanze na la mjomba, maana ndilo jepesi. Uzza lilikuwa sanamu la washirikina wa Kiarabu, na limetajwa katika Surat An-Najm aya ya 19. Herufi zake za asili ni ain, zai, zai, zilezile zinazotupa jina la Azizi. Uzairi ni ain, zai, rai. Ukiyaandika kwa herufi zetu hizi yanaonekana kama mtu na nduguye, ila kwa Kiarabu kila moja lina shina lake. Kilichokatazwa ni mtu kujiita mja wa sanamu, kama Abdul-Uzza, ambalo ndilo lilikuwa jina halisi la Abu Lahab. Uzairi halimo humo.

La mama mkwe ni zito zaidi, kwa sababu ana aya mkononi, na si vizuri kumjibu kwa dharau. Katika Surat At-Tawba aya ya 30 Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa Mayahudi walisema Uzairi ni mwana wa Mungu. Hapo ndipo pekee jina hili lilipotajwa katika Qur'ani nzima. Lakini aya haikuishia hapo: inaendelea kusema kwamba Wakristo nao walisema Masihi ni mwana wa Mungu. Majina mawili, aya moja, kosa moja. Sasa muulize mama kwa upole, hapo Tanga kina Issa ni wangapi? Yawezekana hata kwenye ukoo wake wamo. Hakuna aliyewahi kukataa jina la Issa kwa sababu kuna watu waliomfanya mungu. Mwishoni mwa Surat Al-Maida, Nabii Issa anaulizwa kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu wawili, naye anajitakasa na hilo. Na hapa kwa Uzairi, aya inasema wazi kuwa hayo ni maneno ya vinywa vyao. Lawama imewaangukia waliosema. Yule aliyesingiziwa hakuguswa hata kwa herufi moja.

Wapo wanaouliza, mbona Mayahudi wa leo wanakana kuwa na itikadi hiyo? Wafasiri walikwisha lijibu hili zamani: waliosema ni kundi fulani, na sahaba Ibn Abbas amepokewa akiwataja baadhi yao kwa majina, akiwamo Sallam bin Mishkam, waliomwendea Mtume (S.A.W.) Madina. Kwa jina la mwanao haliongezi wala halipunguzi kitu.

Uzairi ni nani basi? Maulamaa wengi wanamtambua kuwa ndiye anayeitwa Ezra katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo, mwanachuoni wa Taurati aliyerudi Yerusalemu kutoka Babeli baada ya uhamisho. Kwa hiyo jina lenyewe si geni kama unavyodhani. Majirani zetu Wakristo wanalo, kina Ezra wako Kenya na Uganda. Sisi tu ndio tumelisahau kwa upande wetu. Wafasiri wanasema sababu ya watu wale kupotoka ni kwamba Taurati ilikuwa imepotea kwa vita na mateka, Uzairi akawasomea yote kwa hifadhi, wakastaajabu mpaka wakavuka mpaka. Kusini mwa Iraki, kando ya mto Tigris, upo mji unaoitwa kwa jina lake, Al-Uzair, wenye kaburi linalonasibishwa naye. Mayahudi wa Iraki walikuwa wakilizuru, na Waislamu pia. Msafiri wa Kiyahudi Benjamin wa Tudela alilitaja tangu karne ya 12. Silitaji kama hoja ya dini, ila ujue kwamba ni jina lenye historia ndefu katika ardhi ya Waislamu.

Kisha kuna kisa cha Surat Al-Baqara aya ya 259, cha mtu aliyepita kwenye mji uliobomoka akasema, vipi Mwenyezi Mungu atauhuisha huu baada ya kufa kwake? Akafishwa miaka 100, kisha akafufuliwa, akaona chakula chake hakijaharibika na mifupa ya punda wake inavyounganishwa na kuvikwa nyama. Qur'ani haikumtaja jina. Kauli mashuhuri ya wafasiri ni kwamba ni Uzairi, na mji ni Baytul Maqdis, yaani Yerusalemu, baada ya kubomolewa na Bukhtanasar, mfalme wa Babeli. Wengine wakasema ni Irmiya (Yeremia), na zipo kauli nyingine. Hadithi za pembeni unazozisikia kwenye darsa, za kijakazi kipofu aliyemtambua na mwana aliyemzidi baba yake umri, nyingi ni Israiliyati, yaani masimulizi yaliyotoka kwa Mayahudi. Msimulie mtoto kile kilichomo katika aya. Kinatosha, na ni kitamu.

Ama maana. Baadhi ya wanalugha wamesema ni jina la Kiarabu lililotoka kwenye azzara, yaani kumnusuru mtu na kumkinga huku ukimheshimu. Neno hilo limo katika Surat Al-Fat-h aya ya 9, tulipoamrishwa kumnusuru na kumtukuza Mtume. Wanafunzi wa fikihi watasema, mbona shina hilohilo linatoa taaziri, adhabu anayoikadiria kadhi? Ni kweli. Asili yake ni kuzuia: kumzuilia mtu adui ni kumsaidia, na kumzuia na kosa ni kumtia adabu. Wengine wakasema si la Kiarabu, ni la Kiebrania lililofanywa Kiarabu, na kwa Kiebrania maana yake ni msaada. Tofauti hii unaisikia hata kwenye kisomo: Aasim na Al-Kisai wanalisoma kwa tanwini, yaani kwa sauti ya n mwishoni, Uzayrun, kama jina la Kiarabu; wengi katika maimamu wengine wa kisomo wanalisoma bila tanwini, kama jina la kigeni. Sisi huku tunasoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Aasim, kwa hiyo mwanao atalikuta msahafuni na tanwini yake. Vyovyote utakavyolichukua, Kiarabu au Kiebrania, unarudi kwenye nusura. Na lisiwatishe umbo lake la kudogosha. Shuaibu ni umbo hilohilo, na ni nabii. Zuberi na Suhaibu ni masahaba wakubwa.

Swali la unabii ndilo ambalo sitakupa jibu la mkato, na nitakueleza kwa nini. Mfasiri Ibn Kathir amesema kauli mashuhuri ni kwamba ni nabii katika manabii wa Bani Israili. Lakini katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) alisema hajui kama Uzairi ni nabii au si nabii. Basi mwenye kunyamaza hapo yuko na adabu. Ndiyo maana katika wale manabii 25 tunaowahifadhisha watoto madrasani, yeye hayumo. Huwekwa pamoja na Luqman na Dhulqarnaini, waliohitilafiwa. Hata hivyo kina Lukmani wamejaa pwani yote na hakuna aliyedai waitwe upya mpaka unabii uthibitike.

Na jina halihitaji uthibitisho huo. Imepokewa na Imamu Muslim katika kitabu chake cha hadithi kwamba Mughira bin Shu'ba alipokwenda Najrani, watu wa huko walimuuliza vipi Qur'ani inamwita Maryam dada wa Haruni ilhali Musa alimtangulia Issa kwa muda mrefu. Aliporudi, Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba watu wa zama za Maryam walikuwa wakijiita kwa majina ya manabii wao na ya watu wema waliowatangulia. Ya manabii, na ya watu wema. Uzairi akiwa nabii, yumo katika la kwanza. Asipokuwa, yumo katika la pili.

Kuhusu uchache wake, usitafute siri. Sisi watu wa pwani majina yetu yanazunguka: kijana wa kwanza anapewa la babu mzaa baba, anayefuata la babu mwingine, na jina ambalo halikupata babu wa kulirithisha linakosa mlango wa kuingilia. Ongeza na hilo la kutokuwamo katika wale 25. Pakistan na India ni jina la kawaida. Lisikuogopeshe kwa kuwa peke yake mtaani. Naungama hata mimi nachoka kuita "Abdallah" msikitini wakageuka watu sita.

Nuksi haipo. Mtume (S.A.W.) amesema hakuna tiyara, yaani kuamini mkosi kwa kitu au jina. Alibadilisha majina, ni kweli, lakini yenye maana mbaya: binti aliyeitwa Aasiya, muasi, akamwita Jamila. Uzairi halina ubaya wa kuondolewa, kwa hiyo hulazimiki kulibadilisha.

Haki ya kumpa mtoto jina ni ya baba, ila mama mkwe ni mzazi wako pia. Mwendee kabla ya siku ya saba, umsomee aya ile yote hadi mwisho, na umwambie kuhusu kina Issa. Akibaki na dukuduku, mwachie amwite kwa jina la mapenzi analolitaka. Bibi zetu wote wana majina yao kwa wajukuu na hayajamdhuru mtu. Siku ya saba mnyoe mtoto nywele na umchinjie akika ya mbuzi wawili ukiweza, mmoja kama uwezo ni mdogo. Na unapokwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, hakikisha karani ameandika Uzairi au Uzair, tahajia moja itakayofuata shuleni na kwenye pasipoti, maana nahofia ukizubaa atakuandikia Waziri.

Wallahu a'lam.