Mtambo wa hidrojeni kwenye gari: nilivyoufunga, nilivyoupima na kwa nini niliung'oa

Ndugu uliyeuliza kama ufunge kwenye Noah yako ule mtambo wa maji na hidrojeni, ambao fundi amekuahidi utapunguza esanse (petroli) kwa theluthi moja, nakujibu kwa urefu kwa sababu niliutengeneza mwenyewe hapa Lubumbashi, nikautumia miezi 4, kisha nikaung'oa.

Wangu ulikuwa na sahani 7 za inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, zilizopangwa ndani ya kopo la chujio la maji, na maji yenyewe niliyatia potasi kali ili yapitishe umeme, ambao huyapasua kuwa gesi ya hidrojeni na oksijeni. Mpira wa gesi uliingia kwenye njia ya hewa ya injini. Siku ya kwanza niliujaribu uani: nilichovya ncha ya mpira ndani ya ndoo, chini ya chupa ya lita 1.5 iliyojaa maji na kupinduliwa, nikashika saa. Gesi iliyafukuza maji yote kwa sekunde 75, huku kipimo kikionyesha ampea 20. Watoto wa jirani walipiga makofi, nami niliamini kabisa. Kwa hiyo simlaumu anayeamini, maana mapovu ni ya kweli na gesi ni ya kweli. Linalofichika ni bei ya kuipata.

Safari ya kwanza ya Likasi, mwendo wa kilomita kama 120, gari lilitumia lita 8.2 kwa kila kilomita 100, ilhali zamani lilikuwa likila 9.1. Nilikwenda kutangaza habari hiyo garajini Kamalondo, na fundi mmoja mzee, ambaye sote tunamwita Papa, akaniuliza neno moja tu: bujii (plagi za injini) nilizibadilisha lini? Nilikuwa nimezibadilisha siku ileile ya kufunga mtambo, pamoja na chujio la hewa, na matairi nilikuwa nimeyajaza upepo. Tena, kwa hamu ya kuona faida, nilikuwa nimeendesha kwa mguu mwepesi kuliko kawaida yangu.

Basi nilipima upya. Nilikwenda Likasi na kurudi mara 6, nikijaza esanse kwenye pampu ileile kila mara, na mdogo wangu ndiye aliyeshika swichi bila kuniambia kama ameiwasha au ameizima. Mtambo ukiwa umezimwa, wastani ulikuwa lita 8.2, ukiwa umewashwa, 8.4. Siwezi kuapa kwamba uliongeza matumizi, kwa kuwa tofauti hiyo ni ndogo, lakini faida ya theluthi moja ingeonekana hata kwa kipimo kibovu kuliko changu.

Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Kwa kasi ile ya chupa, kwa saa moja nilipata lita 72 za gesi, na theluthi mbili zake ndizo hidrojeni, yaani gramu 3.5 hivi. Gramu moja ya hidrojeni ina nishati ya kilojuli 120, na lita moja ya esanse ina kilojuli 32,000 hivi. Kwa hiyo kazi ya saa nzima ni sawa na mililita 13 za esanse, ambazo hazijazi kijiko cha supu. Sasa tazama upande wa pili. Ampea 20 kwa volti 13.5 ni wati 270, na wati hizo haziletwi na batri bure, bali zinatoka kwenye altenata inayozungushwa na injini. Altenata hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, na injini hugeuza robo tu ya nishati ya esanse kuwa mwendo. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, unakuta umechoma esanse ya mililita 200 na zaidi: glasi nzima, ili upate kijiko.

Wauzaji hujibu kwamba hidrojeni husaidia esanse kuungua vizuri zaidi. Injini isiyo mbovu ya siku hizi huunguza tayari zaidi ya asilimia 98 ya esanse yake. Joto linalopotea hupitia ekzosi na rejeta, na hidrojeni hailirudishi. Wengine hutaja utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1977, lakini hidrojeni ya jaribio lile haikutengenezwa kwa umeme wa altenata. Wakikuuzia pia kiboksi cha kudanganya sensa ya oksijeni, ile inayoiongoza kompyuta ya gari kupima esanse, kikatae kabisa, kwa maana kinaipunguzia injini esanse kwa nguvu, na unaweza kulipa kwa valvu zilizoungua.

Kilichonifanya niung'oe haraka, hata hivyo, ni hatari. Hidrojeni iliyochanganyika na oksijeni yake hulipuka kwa cheche ndogo mno. Asubuhi moja injini ilirudisha moto kwenye njia ya hewa, mfuniko wa kopo la usalama, lile ambalo gesi hupitia kabla ya kufika kwenye injini, ukapasuka kwa kishindo, na maji ya potasi yakanirukia kiganjani. Niliosha mkono bombani kwa muda mrefu, na bado ngozi ilichubuka.

Kama umekwisha kuufunga, chomoa waya wake leo. Ukiufungua vaa glavu na miwani, na utazame rangi ya maji: yangu yalikuwa yamegeuka ya manjano, kwa sababu umeme huitoa kromu kwenye inoksi na kuifanya sumu inayosababisha saratani. Usiyamwage uani, hasa kama familia inachota maji ya kisima hapohapo. Yatie kwenye bidoni yenye mfuniko, uandike juu yake kuwa ni sumu, na uiweke mbali na watoto. Yangu ingali stoo, imefungwa.