Kutoa matairi makongwe yaliyoganda kwenye ringi za trekta

Ndugu, umeuliza namna ya kutoa matairi ya nyuma ya trekta kuukuu yaliyokaa kwenye ringi miaka mingi bila kuguswa, na kuna aliyekushauri uzipashe ringi moto hadi mpira uachie. Nakuomba sana usifanye hivyo. Mpira unaogusana na chuma cha moto huanza kuungua kwa ndani na kutoa gesi zinazowaka, na tairi linaweza kulipuka hata kama upepo ulikwisha kutolewa. Ajali za namna hiyo zimeua mafundi wazoefu.

Mimi nilifufua Ferguson TE20, trekta lililotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956, na matairi yake mawili ya nyuma, ya ringi za inchi 28, yalinichukua siku nne. Kilichoyashikilia hasa kilikuwa kutu iliyojaa kati ya mdomo wa tairi, yaani ukingo wake wa ndani unaokaa kwenye ringi, na ringi yenyewe. Matrekta mengi ya zamani yalijazwa matairini maji yenye kalsiamu kloridi, ili magurudumu yawe mazito na maji yasigande wakati wa baridi. Maji hayo yakivuja hula chuma, hasa kuzunguka tundu la valvu. Kwa hiyo kwanza fungua valvu ikiwa upande wa juu, upepo wote utoke, kisha izungushe iwe chini na ukinge maji, kwa sababu gurudumu lenye maji ni zito mno kulishusha kwa usalama. Ondoa nati ya valvu na uisukume valvu yenyewe ndani, ili mtaimbo usije ukaing'oa.

Tairi la kwanza nililiokoa. Nililaza gurudumu chini ya fremu ya gari zito, nikaweka kipande kifupi cha ubao mgumu juu ya ubavu wa tairi, kikigusana kabisa na ukingo wa ringi, kisha nikasimamisha jeki kati ya ubao na fremu. Kila tairi liliposhuka kidogo nilimimina maji ya sabuni kwenye mwanya, nikahamisha jeki shibiri moja, nikaendelea hivyo hivyo kuzunguka. Duara la kwanza halikuonyesha chochote. Katika duara la tatu nilisikia mlio kama wa kitambaa kikavu kinachochanika, vumbi la kutu likaruka, na mdomo ukaachia karibu nusu duara kwa mara moja. Anayelazimisha sehemu moja kwa nguvu zote hupinda ringi.

Unapoingiza mitaimbo kuuvusha mdomo juu ya ukingo wa ringi, hakikisha mdomo wa upande ulio mkabala nao umezama kwenye bonde la katikati ya ringi. Ndani ya mdomo mna waya za chuma zisizotanuka, na pasipo nafasi hiyo hautavuka ukingo.

Tairi la pili lilikuwa limepasuka hadi nyuzi zake zinaonekana, nami nikalikata bila majuto. Nilipasua ubavu kwa msumeno, nikabakiza upana wa vidole viwili kutoka kwenye ringi, kisha nikakata waya za mdomo kwa grainda, nikiwa nimepenyeza bamba jembamba la chuma ili ringi isijeruhiwe. Ringi hiyo ilikuwa na matundu mawili karibu na valvu, lakini kuchomelea kulisubiri hadi pasiwe na kipande chochote cha mpira juu yake.